Ulinganisho: Fundi wa miti anayejitegemea alipwe taslimu, alipwe kwa magogo, au atafute mkataba wa mwaka?

Mwanzisha mada (Tegeta, Dar es Salaam)

Habari za kazi, wanajukwaa. Kwa muda mrefu nimekuwa kibarua wa fundi mwingine wa kupogoa na kuangusha miti ya majumbani, na sasa najiandaa kusimama mwenyewe. Naomba tulinganishe njia tatu za malipo ninazoziona hapa mjini. Kuna kupatana na mwenye nyumba bei ya fedha taslimu kwa kila mti. Kuna kukata bure au kwa nusu bei, kisha fundi akaondoka na magogo na kuyauza kwa wachoma mkaa, waoka mikate au maseremala. Halafu kuna mkataba na shule, hoteli au wakazi wa nyumba zilizo ndani ya uzio mmoja, ambapo fundi hupogoa miti yao yote kila mwaka kabla ya masika.

Taslimu inaonekana nzuri hadi unapofika kwenye usafiri. Matawi na majani hayana mnunuzi, na kuyatoa Tegeta hadi dampo la Pugu Kinyamwezi ni safari inayoweza kumeza faida ya mwembe mzima. Magogo yananivutia kwa sababu mteja habishani sana. Mkataba unatuliza moyo, ila sijui fundi mgeni anaupataje. Waliozipitia njia hizi wanasemaje?

Mkwezi (Tanga)

Ndugu yangu, usiipime miti yote kwa kipimo kimoja. Huku kwetu kazi nyingi ni minazi mizee iliyoinamia mapaa, na gogo la mnazi halina soko la maana la kuni. Sehemu ya nje ya shina lake ni ngumu kiasi cha kuutia mnyororo wa msumeno wa mashine ubutu upesi, ilhali moyo wake ni laini na umejaa maji. Anayekubali kulipwa kwa gogo la mnazi amefanya kazi ya bure. Mwembe una wanunuzi, na mwarobaini wajenzi huuulizia kwa kuwa mchwa hawaushambulii ovyo. Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha njia za malipo, tazama ni mti gani umesimama uani.

Jambo moja la ziada, nalo ni kamba. Katani yetu ina sifa zake, lakini haifai kubeba uhai wa mtu, kwa sababu ikilowa na kukauka mara kwa mara huoza kwa ndani huku nje ikionekana nzima. Mwili wako ubebwe na kamba ya nailoni iliyotengenezwa mahsusi kwa kupandia, na kamba ya kushushia matawi iwe nyingine kabisa.

Mtunza bustani (Arusha)

Kaka, nakuomba sana uiache njia ya magogo, na sababu yangu haihusu faida. Anayelipwa kwa magogo hupata zaidi kadiri anavyokata zaidi, na mwenye nyumba aliyeomba tawi moja liondolewe juu ya paa hujikuta amebaki na kisiki. Nimeona mijakaranda na migrivea mingi hapa Arusha iliyokatwa vichwa kwa namna hiyo. Mti uliokatwa kichwa huchipua kwa fujo, na machipukizi hayo hushikilia juu juu tu, karibu na gome, kwa hiyo yakishakuwa mazito ndiyo yanayovunjika kwenye upepo. Mteja aliyeogopa tawi moja sasa ana matawi kumi ya kuogopa.

Kupogoa vizuri kuna utaratibu wake. Tawi zito hukatwa mara tatu. Unaanza kwa kulikata kidogo kwa chini, mbali kiasi na shina, ili lisichane gome likianguka. Kisha unalikata kwa juu, mbali kidogo zaidi na shina kuliko pale ulipoanzia, nalo linaondoka na uzito wake wote. Kipande kilichobaki unakiondoa nje tu ya ule uvimbe wa gome unaozunguka mahali tawi linapotokea. Usiukate uvimbe huo, wala usiache kigingi kirefu. Mtaalamu wa Marekani, Alex Shigo, alichambua kwa misumeno maelfu ya magogo na kuonyesha kwamba mti hauponi jeraha kama ngozi yetu inavyopona, bali hulizungushia ukuta ili uozo usisambae, na uvimbe ule ni sehemu ya ulinzi huo. Kazi ya namna hii inahitaji muda, na anayelipa muda ni mteja wa taslimu au wa mkataba.

Mwanachama (Nairobi)

Nawasalimu nyote. Mimi nimeegemea mikataba, na ninakubaliana na dada wa Arusha, ingawa mkataba nao una machungu yake: taasisi hulipa kwa kuchelewa, wakati wasaidizi wako wanataka ujira wao jioni ileile. Usiingie kwenye mkataba mkubwa kabla hujawa na akiba ya kuwalipa vibarua hadi hundi itoke.

Suala la kibali lina uzito katika njia zote tatu. Huku tunaomba ruhusa ya kaunti kabla ya kuangusha mti. Kwenu, anzia kwa afisa misitu wa manispaa, na kumbuka kwamba magogo yakishaingia barabarani yanahitaji hati ya kusafirishia mazao ya misitu kutoka TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, gharama ambayo wengi wa njia ya magogo hawaiingizi kwenye hesabu. Tena mti unaweza kuwa na watu wengi wanaoujali kuliko unavyodhani. Mgumo, mti wa jamii ya mkuyu, ulio kwenye barabara ya Waiyaki Way hapa Nairobi ulikuwa uondolewe mwaka 2020 kupisha barabara ya juu, ukaokolewa kwa amri ya rais. Uliza hali ya mti kabla hujapokea malipo ya awali.

Fundi wa shamba la miti (Mafinga)

Nimeangusha misonobari katika mashamba ya huku Mufindi, na nataka nimweleze mwanzisha mada jambo litakalobadilisha hesabu yake. Shambani una nafasi ya kuuelekeza mti: unachonga mdomo upande unaotaka uangukie, unakata nyuma, na unaacha bawaba ya mbao isiyokatwa ambayo huuongoza hadi chini. Uani mjini nafasi hiyo ni nadra, kwa hiyo mti hushuka vipande vipande, na kazi ya saa moja huwa ya siku nzima. Bei ya taslimu ipangwe kwa siku na idadi ya watu, isipangwe kwa unene wa shina.

Usianze pia kwa kununua chenso (msumeno wa mashine) kubwa ya shambani. Ni nzito mno kuitumia ukiwa umening'inia. Nunua kwanza mkanda wa kupandia, kofia ngumu na msumeno mzuri wa mkono, kisha chenso ndogo. Mafuta ya mashine nyingi za siku hizi huchanganywa kwa uwiano wa 1:50, yaani mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli, lakini soma kitabu cha mashine yako. Na tawi likiwa karibu na nyaya za umeme, kazi hiyo si yako hadi TANESCO wazime laini. Tawi bichi hupitisha umeme.

Mwanzisha mada

Nawashukuru kwa dhati. Nitaanza na taslimu kwa bei ya siku, na nimeshapata mwalimu wa shule moja atakayenikutanisha na bodi yao. Nimebaki na swali moja: mteja akisisitiza nichukue magogo badala ya sehemu ya fedha, nifanyeje bila kumpoteza?

Mtunza bustani (Arusha)

Kubali tu pale mti wenyewe umekwisha kuamuliwa kuondolewa na kibali kimetoka. Kama ni kupogoa, zunguka mti pamoja naye kabla ya kupatana bei, mkitia alama ya chokaa kwenye kila tawi litakaloondoka; yaliyo juu yapige picha na uyachoree duara kwenye simu. Andikeni idadi ya matawi hayo kwenye karatasi ya makubaliano, na bei ya kazi iandikwe kamili kwa fedha. Magogo yatokanayo na matawi hayo myapatie thamani kwenye mstari wake baada ya kukatwa, yakiwa chini na wote wawili mnayaona.