Cheti cha Teknolojia na Jamii Marekani: masharti yakoje kwa anayesoma uhandisi?

BintiSahare:
Shikamooni wakubwa, na wa rika langu mambo vipi. Naomba msaada kwa waliosoma Marekani au wanaosoma huko sasa hivi. Mi nachukua uhandisi wa umeme, naingia mwaka wa pili, na chuo chetu kina programu ya cheti cha Teknolojia na Jamii unayoisoma humohumo ndani ya digrii. Nimeipenda kweli, maana toka nyumbani nilikuwa najiuliza haya mambo ya simu na mitandao na jinsi watu wanavyoathirika ila sikujua kama kuna mahali yanasomwa darasani.

Masharti ni kozi sita: moja ya msingi ambayo wote lazima, mbili za upande wa teknolojia, mbili za upande wa jamii, afu moja inatakiwa itoke upande usio wako, yaani mi mhandisi ntaichukua kwenye sayansi za jamii. Juu ya hapo kuna kazi ya utafiti ya mwaka wa mwisho ambayo lazima iguse pande zote mbili na unaiwasilisha mbele ya watu.

Sasa kinachonisumbua, hizi kozi za umeme ninazosoma tayari zinaweza kuhesabika mle au naanza upya? Na je ntachelewa kumaliza, maana ufadhili wangu ni wa miaka minne, hamna hata semesta ya nyongeza. Halafu mzee kapiga simu anasema mwanangu umeenda kuchukua digrii mbona sasa unazungumzia cheti, nikakosa jinsi ya kumweleza.

KijanaWaMakorora:
Marhaba dada, hongera kwanza.

Kuhusu kuhesabika, vyuo vingi wanaruhusu kozi kadhaa zihesabike kotekote, kwenye digrii yako na kwenye cheti, ila idadi inatofautiana na hapo ndo watu wanapokwama. Usimsikilize mwanafunzi mwenzako wala usitegemee tovuti, nenda kwa mkurugenzi wa programu na orodha yako mkononi, muulize kozi moja moja, afu akikubali mwandikie barua pepe siku ileile ili jibu lake libaki kwenye maandishi. Wakurugenzi wanabadilika na anayekuja anaweza akasoma masharti kivingine kabisa.

Na usidhani kila kozi ya umeme inaingia. Ile ya saketi ya mwaka wa kwanza usiitegemee. Wanachotaka ni kozi ambayo teknolojia yenyewe ina sura ya kijamii, mfano mitandao ya kompyuta, usalama wa taarifa, mifumo ya nishati, akili mnemba. Pia chukua zote kwa alama ya kawaida, ukichagua ule mfumo wa kufaulu au kufeli tu mara nyingi haihesabiki kwenye cheti hata kama ulijua kila kitu.

Kozi ya msingi ichukue mwaka huu huu wa pili. Hizi kozi mara nyingi zinafundishwa semesta moja tu kwa mwaka, na mwaka wa tatu wahandisi mna maabara za mchana kutwa, zikigongana basi umesubiri mwaka mzima, na wewe ndo huna wa kusubiri.

Mzee mwambie digrii yako ni ileile ya uhandisi wa umeme haijapungua kitu, hiki cheti kinaandikwa kwenye transkripti pamoja nayo, sio kile cha NTA level 4, cha ufundi wa ngazi ya chini ya digrii, anachokijua yeye. Na uliza kama mwaka wako bado wanakiita cheti, vyuo vingine vimebadilisha, Princeton kwa mfano walileta mfumo wa maina (minor, yaani fani ndogo unayosoma pembeni ya digrii) kuanzia darasa la kuhitimu 2025 na programu nyingi zilizokuwa za cheti zikahamia huko.

Mzee_wa_Nguzo:
Binti, mi ntakwambia tofauti kidogo na naomba usinielewe vibaya. Nimekaa kwenye kazi hii ya umeme muda mrefu. Ukirudi nyumbani utataka kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na pale wataangalia digrii yako ya uhandisi na mafunzo yako ya kazini, hiki cheti hawatakuuliza. Kwaiyo kama kitakushusha GPA kwenye masomo ya umeme, kiache bila majuto.

Na hizo kozi za jamii msizifanye za kupumzikia. Vijana wa uhandisi wanaingia wakifikiri ni kama DS (somo la maendeleo) ya Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo wengi walikuwa wanasoma usiku wa kuamkia mtihani, wanakuta kila wiki vitabu, kila baada ya muda insha, na mwalimu anataka hoja yako sio ya mwandishi. Usiweke mbili kwenye semesta moja na maabara nzito.

Ila nikiri kitu, laiti wahandisi wengi zaidi wangesoma haya. Tunavuta laini hadi kijijini, nguzo zimesimama, halafu nyumba chache ndo zinaunganishwa na tunabaki tunashangaa, wakati swali la nani ataweza kulipia kuunganishwa na kufunga waya ndani ya nyumba lilitakiwa liulizwe kabla ya nguzo ya kwanza.

NyamburaWaSTS:
Hapo mwisho mzee ameshampa mada ya utafiti!

Mi ni Mkenya, nilisoma sosholojia afu nikafanya cheti kama hicho, kwaiyo kwangu ilikuwa kinyume, kozi za teknolojia ndo zilinitoa jasho. Dadangu, wengi wanachagua kozi kwanza, yoyote inayoingia kwenye ratiba, halafu mwaka wa mwisho wanatafuta swali la kuziunganisha na halipatikani. Anza na swali. Ukishakuwa na swali, zile kozi mbili za jamii na ile ya ziada zinajichagua zenyewe.

Chukua usajili wa laini za simu kwa alama za vidole huko kwenu Tanzania, ule ambao mwisho wake ulikuwa tarehe 20 Januari 2020 halafu wakaanza kuzima laini. Upande wa uhandisi kuna swali la jinsi kifaa kinavyosoma kidole kilichochakaa kwa jembe au kwa uzee, kiwango cha makosa kinawekwa wapi na nani anakiweka. Upande wa jamii laini ndo pochi ya mtu, pesa zake zote ziko mle, na bila kitambulisho au namba ya NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, husajili. Huwezi kujibu upande mmoja ukaacha mwingine, na kamati ya cheti inataka hasa hicho. Au zile tozo za miamala ya pesa kwa simu zilizoanza Julai 2021, shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, serikali ikapunguza asilimia 30 Septemba mwaka huohuo. Kwetu kulikuwa na Huduma Namba, mpango wa serikali wa namba moja ya utambulisho kwa kila mtu, Mahakama Kuu Januari 2020 ilizuia kukusanya DNA na mahali mtu anapoishi kwa GPS, halafu Oktoba 2021 ikasema utoaji wa kadi haukuwa halali kwa sababu tathmini ya athari kwa data za watu haikufanyika kama sheria ya 2019 inavyotaka. Soma hizo hukumu, utaona majaji wanalazimika kuelewa jinsi mfumo ulivyojengwa.

Na kuna kitu hakijaandikwa kwenye masharti yenu ila kitakukamata: ukitaka kuhoji watu, hata shangazi zako, lazima upate kibali cha kamati ya maadili ya utafiti ya chuo kabla ya swali la kwanza. Na kama utawahoji Tanzania, kuna kibali cha COSTECH pia, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia. Vinachukua muda, kwaiyo mahojiano ya likizo ya mwaka wa tatu maombi yake yaanze mapema mwaka huohuo.

BintiSahare:
Asanteni sana jamani, mzee shikamoo na nimekuelewa vizuri tu. Kozi ya msingi nimeiona ipo semesta ijayo, jioni, haigongani na maabara, najiandikisha. Swali langu nadhani litakuwa hilo la nyumba kuunganishwa na umeme vijijini. Dada Nyambura, kozi ya takwimu inaweza kuingia kama ya jamii?

NyamburaWaSTS:
Ikifundishwa idara ya sosholojia au siasa wanaweza kukubali, ya idara ya hisabati sidhani. Muulize mkurugenzi kabla hujajiandikisha, na mpelekee silabasi yenyewe, sio jina la kozi tu.

Mzee_wa_Nguzo:
Marhaba binti. Ukifika kwenye huo utafiti nitafute humu inbox, ntakueleza gharama za kuunganisha zinavyohesabiwa, kuanzia umbali wa nguzo hadi mita.