JAVA_HOME na PATH kwenye Windows: dirisha la mipangilio, setx au PowerShell?

Kipanga_Moro
Wakuu, nimepakua JDK 21 (vifaa vya kuandikia programu za Java) ya zip, nikaifungulia C:\jdk-21, nikaweka JAVA_HOME. Nikiandika java -version bado inanijibu 1.8, yaani Java 8 ya zamani. Video nilizotazama kila mtu na lake: huyu dirisha la mipangilio, huyu amri ya setx, yule PowerShell (dirisha jingine la kuandikia amri). Ipi salama? Na hivi vigeu vya mazingira ni kitu gani hasa, maana miye nakopi tu.

BintiKodi
Ni majina yenye thamani ambayo kila programu inakabidhiwa inapoanza. JAVA_HOME inasema tu Java inakaa wapi (folda yenyewe, bila \bin). Anayekutafutia java.exe ni PATH: Windows inapita folda moja moja kwa mpangilio ulioandikwa, ya kwanza kuwa nayo ndiyo inayotumika. Fungua cmd (dirisha la amri) mpya, andika `where java`, utuwekee majibu.

Kipanga_Moro
C:\ProgramData\Oracle\Java\javapath\java.exe
C:\jdk-21\bin\java.exe

BintiKodi
Ndiyo hiyo. Java 8 ilijiandika kwenye PATH ya mfumo, wewe umeongeza kwenye PATH ya mtumiaji. Windows inaziunganisha, ya mfumo ikitangulia. Hata ukiipandisha jdk-21 juu kabisa kwenye orodha yako, utakesha. Iweke kwenye ya mfumo, juu ya javapath.

mzee_wa_cmd
Mnazunguka sana. `setx JAVA_HOME "C:\jdk-21"` na maisha yanaendelea.

FundiSaba
Kwa JAVA_HOME sawa, mzee wangu. Kwa PATH, Kipanga, usithubutu. Mwaka juzi niliandika `setx /M PATH "%PATH%;C:\..."` (/M ni ya mfumo) kwenye mashine ya kazini. Ikaniambia thamani imekatwa kwenye herufi 1024, nami nikapuuza. Git kwaheri, Node kwaheri. Halafu hiyo %PATH% tayari ni mchanganyiko wa mfumo na mtumiaji, kwa hiyo vya mtumiaji vyote vikamwagwa kwenye vya mfumo.

Kilichoniokoa ni cmd moja niliyokuwa nimeiacha wazi tangu asubuhi. Dirisha lililofunguliwa kabla ya mabadiliko hubaki na nakala yake ya zamani. Nikaandika humo `echo %PATH% > path_zamani.txt`, nikarudisha mstari mmoja mmoja kwa mkono hadi jioni. Tangu siku hiyo PATH naigusa kwenye dirisha la mipangilio tu. Windows 10 na 11 zinakuonyesha orodha, kila folda mstari wake, na vitufe vya kupandisha na kushusha.

Neema_skripti
PowerShell haina hilo la 1024:
`[Environment]::SetEnvironmentVariable("JAVA_HOME","C:\jdk-21","User")`
Ukitaka ya mfumo unaandika "Machine" na kuifungua kama msimamizi. Mimi naitumia nikiwa na kompyuta ishirini za maabara. Kwa laptopu moja ni kujichosha. Ila ukiongeza kitu kwenye PATH usianzie na $env:Path, nayo ni mchanganyiko uleule uliomponza Fundi. Na `$env:JAVA_HOME = "..."` peke yake inakufa ukifunga dirisha.

pwani_linux
Kwenye Ubuntu ni mistari miwili ya export ndani ya ~/.bashrc, kisha chai.

FundiSaba
Kaulizia Windows, ndugu. Chai kunywa.

Kipanga_Moro
Nimetumia dirisha, nikapandisha jdk-21 juu. Cmd inasema 21! Lakini terminali ya ndani ya VS Code (kihariri changu cha kodi) bado inasema 1.8.

BintiKodi
Ilikuwa wazi wakati unabadilisha? Imerithi mazingira ya zamani, na terminali yake inarithi kutoka kwake. Funga madirisha yake yote, ufungue upya.

Kipanga_Moro
Imekubali, dada, asante. Java 8 siiondoi, kuna programu ya duka la mama inaitegemea, na sasa hivi haifunguki 😅

mzee_wa_cmd
Hapo sasa mnanihitaji. Tengeneza faili la .bat (faili la amri zinazofuatana). Mstari wa kwanza `set "PATH=C:\ProgramData\Oracle\Java\javapath;%PATH%"`, chini yake amri ya kuanzisha programu ya mama. `set` bila x inaishi ndani ya dirisha hilo tu, jdk-21 yako haiguswi. Mwekee mama njia ya mkato kwenye eneokazi.