Mtoto wa miaka 10 anataka kuwinda kulungu kwa upinde msimu huu, nimruhusu au bado?

BabaTatu_WI:
Wakuu habari za huko mliko. Naishi Wisconsin mwaka wa nane huu, mimi mwenyewe nilianza kuwinda baada ya jamaa wa kazini kunichukua shambani kwao, nikafanya ile kozi ya usalama wa uwindaji, sasa kila Novemba naenda na bunduki kama watu wa huku. Shida imeanza kwa huyu kijana wangu wa kati. Shuleni kwao wana upinde kama kipindi cha michezo, ule mpango ulioanzia Kentucky 2002 ukasambaa mashule mengi, sasa dogo kanoga kweli kweli, target za mita 10 na 15 anakusanya mishale sehemu moja, mwalimu anamsifia, na yeye ameshaamua mwenyewe kwamba Septemba msimu wa upinde ukifunguliwa tunaenda wote na anapiga kulungu wake.

Kisheria hakuna tatizo maana hapa tangu 2017 waliondoa umri wa chini kabisa kwa mtoto anayewinda chini ya mlezi, ilimradi mlezi awe na leseni na akae karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Kwa hiyo sheria imeniachia mimi niamue na hapo ndipo nimekwama. Rafiki zangu wazungu wanasema mpeleke tu, wengine walianza wakiwa na miaka 8. Mama yake hataki hata kusikia. Nyie mnaangalia nini kujua mtoto yuko tayari? Sitaki majibu ya "kila mtoto ni tofauti", hilo nalijua.

mzee_wa_dungu:
Mkuu kwanza tofautisha upinde wa shuleni na upinde wa kuwindia. Ule wa shule unavutwa paundi 10 mpaka 20, yaani nguvu ya kuvuta kamba, umetengenezwa hivyo makusudi ili kila mtoto auweze. Kulungu hapo Wisconsin sheria inataka paundi 30 kwenda juu. Sasa wazazi wengi wanachofanya wananunua upinde wa kompaundi, ule wenye vigurudumu kwenye ncha, wanaupandisha mpaka 30, mtoto anavuta kwa kujikamua uso umekunjamana mikono inatetemeka, akifanikiwa kuvuta mara moja nyuma ya nyumba basi wanasema tayari. Hapana.

Mtihani wangu ni huu. Mwambie akae kwenye kiti, miguu ainyanyue isiguse chini, avae lile jaketi nene atakalovaa porini, kisha avute upinde moja kwa moja kuelekea target bila kuuelekeza juu angani kwanza. Akishavuta ashikilie nusu dakika. Halafu, hii ndiyo muhimu, aurudishe taratibu BILA kufyatua. Akiweza hivyo asubuhi wakati mwili bado wa baridi, nguvu anazo. Akiinua upinde juu ndipo avute, ujue paundi zimemzidi, na porini ule mkono unaopanda juu kulungu anauona kabla hata hujamaliza kusema shii.

Kitu kingine ambacho madukani hawakuambii, mkono wa mtoto ni mfupi. Paundi 30 za mtoto na paundi 30 za mtu mzima si sawa, kamba ya mtoto inasafiri umbali mdogo kwa hiyo mshale unatoka na nguvu kidogo. Ndiyo maana kwa mtoto usiweke zile chembe (vichwa vya mshale) za kisasa zinazojifungua zikigonga, zinakula nguvu ya mshale kufunguka tu. Weka chembe ya visu viwili isiyofunguka, kali ya kunyolea ndevu, mshale mzito kidogo, na umbali usizidi yadi 15. Mimi wa kwangu nimemwekea kijiti hapo yadi 15, mnyama akiwa nyuma ya kijiti ni wa kumwangalia tu.

Mama_Naima:
Samahani naingilia, mimi si mwindaji ila mume wangu ni, tuko Minnesota. Mmeongelea paundi na yadi, sijasikia mtu kaongelea mtoto mwenyewe. Mtoto wa miaka 10 akiona mnyama anakimbia na mshale ubavuni, halafu mnamtafuta kwa tochi usiku, damu kwenye majani, na mwisho pengine mnyama hapatikani, mtoto analala vipi? Kuna kijana wa jirani yetu alipiga kulungu tumboni, baba yake alikuwa na haraka wakamfuata hapo hapo, mnyama akaamka akapotelea kwenye kinamasi. Yule mtoto mpaka leo upinde hataki kuushika. Mimi naona miaka 10 ni mapema na mama wa huyo mtoto asikilizwe.

mzee_wa_dungu:
Dada umesema kweli na hilo la haraka ndilo kosa la yule baba, si la mtoto. Mshale ukitoka na majimaji ya kijani yenye harufu, hapo ni utumbo, unaondoka kimya kimya unarudi baada ya masaa 8 mpaka 12. Damu nyekundu nyepesi yenye mapovu ni mapafu, unasubiri nusu saa hata kama umemsikia akianguka. Kusubiri kunamshinda mtu mzima sembuse mtoto, lakini ndiyo kazi yenyewe ya baba pale.

Karatu_Boy:
Wazee nimecheka kidogo. Mimi nimekulia Karatu, kaskazini mwa Tanzania, ukishuka kule Eyasi na bonde la Yaeda kwa Wahadzabe, wale wanaoishi kwa kuwinda, watoto wao wa kiume wanapewa upinde mdogo wakiwa bado hata kuongea hawajanyooka, wanashinda nao siku nzima wanalenga ndege, panya, vijiti, chochote. Ila angalieni wanavyopanda ngazi. Mishale ya mtoto ni mti uliochongwa ncha tu. Chembe za chuma zinakuja baadaye, na mishale ya sumu ya kuangushia wanyama wakubwa ni mambo ya watu wazima. Hakuna anayemuuliza mtoto una miaka mingapi, swali ni unaweza kumpata mnyama gani.

Kwa hiyo mkuu BabaTatu, kwa nini umrushe kijana kutoka kwenye target ya povu mpaka kulungu moja kwa moja? Hapo katikati hakuna kitu? Huko kwenu kuna kindi wamejaa, kuna sungura. Aanze nao. Akimpata kindi amchune mwenyewe, amle. Hapo utamjua.

BabaTatu_WI:
Karatu_Boy umenigusa. Tatizo tu mtoto wa Kihadzabe amezaliwa anaona nyama inavyoletwa na inavyopasuliwa, huyu wangu nyama anaijua ya Walmart iliyofungwa plastiki. Mwaka jana nilipomleta kulungu nyumbani kwenye pick up alikuja akaangalia macho yule mnyama akarudi ndani hakusema kitu. Jioni akala vizuri tu lakini.

Buda_wa_Ohio:
Manze mbona msimpe crossbow tu, ule upinde wa kulala wenye kitako na kifyatulio kama bunduki, mambo iishe? Wisconsin waliruhusu kwa kila mtu 2014, ina darubini, mtoto haitaji kuvuta na kushikilia, unaikoki wewe na ile kamba ama krenki yeye analenga na kufyatua. Wangu alianza na hiyo. Kitu moja tu ya kuchunga ni vidole, kidole gumba kikipanda juu ya reli, pale kamba inateleza, wakati kamba inatoka kinaenda nayo, so lazima umfunze mahali pa kuweka mkono wa mbele mpaka akiwa usingizini anajua. Na wazee wetu Ukambani walikuwa wanaangusha ndovu na mshale wa sumu kabla serikali ya Kenya ifunge uwindaji 1977, so hii damu tuko nayo lol.

mzee_wa_dungu:
Buda crossbow inamaliza tatizo la misuli tu. Uamuzi bado ni ule ule. Kulungu akikuelekea kifua mbele usipige. Akikupa makalio usipige. Unataka ubavu, au ubavu uliogeuka kidogo kukupa kisogo, mshale uingie nyuma ya bega utoke upande wa pili. Mtoto anayeweza kusema "baba huyu hapana" wakati moyo unamdunda na pembe ziko pale, huyo mpeleke hata kesho. Namna ya kumpima: nenda naye bila upinde msimu mzima, kila kulungu anayepita akunong'oneze "sasa" pale anapoona ingefaa kupiga. Akisema sasa mapema mapema kila mara, bado.

Na usimpandishe mtini. Ile dungu ya kwenye mti watu wazima wanaanguka kila mwaka, hanesi, ile mikanda ya kukuzuia usianguke, nyingi zimeshonwa kwa mwili wa mtu mzima. Kaa naye kwenye hema la kujifichia chini, kiti mbili, hata akijikuna au akila biskuti haonekani.

Abu_Salim_Mombasa2Columbus:
Assalam alaykum. Kwa wale Waislamu humu, kuna upande haujatajwa. Mtoto aliyefika umri wa kupambanua chinjo lake linakubalika kwa wanazuoni wengi, kwa hiyo umri si kizuizi, lakini lazima ajue anachofanya. Mfundishe Bismillahi anapofyatua. Katika hadithi ya swahaba Adiy bin Hatim, Mtume (SAW) aliulizwa kuhusu kuwinda, na jawabu likaja kwamba silaha ikichoma kwa ncha yake kula, ikimuua kwa kumgonga kwa ubavu wa silaha yenyewe usile. Mkimfikia bado ana roho mumchinje. Na mkimkuta amekufa majini mwacheni, maana hamjui ni mshale au ni maji. Mtoto akijua haya mambo yote kabla hajashika upinde, hata lile la kupiga ovyo linampungukia, kwa sababu anajua anaweza kuipoteza nyama.

Na kwa BabaTatu, huko Wisconsin ule ugonjwa wa kulungu wa kukonda mpaka kufa upo tangu 2002. Pelekeni kichwa kipimwe na msile kabla majibu hayajarudi. Hiyo nayo mtoto aifanye mwenyewe.

BabaTatu_WI:
Shukrani wote, nimerudi na ripoti. Nimempa ule mtihani wa kiti. Paundi 30 anavuta lakini mkono unapanda juu kwanza kama mzee wa dungu alivyosema, na kurudisha kamba bila kufyatua hakuweza, mshale ulitoka ukaingia kwenye uzio. Tumeshusha mpaka 24 anavuta vizuri, tutapanda kidogo kidogo mpaka mwakani.

Nimemwambia kulungu msimu huu ni wangu, yeye anakaa na mimi hemani ananong'ona "sasa". Kindi anaruhusiwa. Kanuna kama nusu saa akaenda kutafuta mishale ya kindi kwenye simu yangu. Mama yake amekubali kwa sharti moja, kwamba kitakachouawa mtoto atakichuna na atakaa jikoni mpaka kiive, si kutupiwa yeye kwenye sinki kama ilivyokuwa mwaka jana na mapaja yangu ya kulungu.

Sasa mwenye uzoefu wa kindi anisaidie, mnawapika vipi? Nazi inafaa au ni kuharibu nazi?

Karatu_Boy:
Mchemshe kwanza mpaka alainike ndipo uweke nazi, na pilipili usiwe bahili.