Shahada ya famasi: miaka yote hiyo, mgonjwa tunakuja kukutana naye mwishoni kabisa!

Wakuu, hili limenikaa kooni muda mrefu. Mhitimu wa famasi akishikwa na kigugumizi mbele ya mgonjwa, anasimangwa yeye: mvivu, hajiamini, kizazi cha siku hizi. Mtaala uliomlea hauguswi, na walioupanga wapo.

Shahada ya kwanza ni miaka minne, kwingine mitano. Sehemu kubwa ya mwanzo ni kemia, biolojia, fiziolojia na hesabu. Sina ugomvi na masomo hayo, maana mfamasia asiyejua kemia ni muuza vidonge tu. Kinachoniudhi ni kwamba yanafundishwa kana kwamba hakuna mtu atakayekuja kumeza hizo dawa.

Tulichora ubaoni jinsi molekuli inavyoishika ioni ya metali. Tukakariri, tukafanya mtihani, waliofeli wakarudi kufanya sapu. Hakuna aliyetwambia kwamba ndiyo sababu tetrasaiklini na siprofloksasini hazinywewi pamoja na maziwa wala dawa za kiungulia: kalsiamu, magnesiamu na alumini zinaishika dawa tumboni, haifyonzwi vizuri, na mgonjwa anamaliza dozi huku bado anaumwa. Ilihitaji sentensi moja tu! Nilikuja kuisikia kaunta, kwa mfamasia mzoefu, nikiwa karibu namaliza chuo.

Hesabu nayo ni hivyo hivyo. Logarithimu tumezila mpaka basi. Sasa mbele yako kuna mama na mtoto wa kilo 12 mwenye homa. Parasetamoli, ukitumia miligramu 15 kwa kilo, ni 180 kwa dozi moja. Sirapu ya miligramu 120 kwa mililita 5 atapewa mililita 7.5, lakini ile ya 250 kwa mililita 5 ni mililita 3.6 tu. Ukikosea chupa, ukampa mililita 7.5 za ile ya 250, mtoto anapata zaidi ya mara mbili ya anachostahili. Hesabu hiyo ni nyepesi, ila anayeifanya ana foleni mbele yake, mtoto analia na simu inaita. Hayo nani alitufundisha?

Na makosa yanayoua watu tuliyapitia juu juu. Methotreksati ya baridi yabisi hunywewa mara moja kwa wiki. Mgonjwa akiimeza kila siku inaweza kumuua. Herufi U ikiandikwa haraka baada ya 10 kwenye cheti cha insulini inasomeka kama sifuri, uniti 10 zinageuka 100. Mambo haya yalitakiwa kuwa mazoezi ya kila wiki, vyeti vyenye makosa vinawekwa mezani na mwanafunzi anayawinda.

Kilichonikera kuliko vyote ni somo la mawasiliano. Shirika la Afya Duniani lilishasema tangu 1997, lilipotaja sifa saba za mfamasia, kwamba kuwasiliana ni mojawapo. Sisi tukapewa madesa na mtihani wa kuandika: "Taja kanuni za mawasiliano bora." Mtu anapimwaje kuongea kwa kalamu? Pampu ya pumu tuliiona kwenye picha ukutani. Kuitikisa, kutoa pumzi, kubonyeza huku unavuta taratibu, kisha kubana pumzi kama sekunde 10: mgonjwa anakosea hatua moja tu na dawa inaishia kooni. Utamwelekeza vipi wakati wewe mwenyewe hujawahi kuishika?

Halafu yanakuja mafunzo kwa vitendo, wiki chache za mwisho. Unahesabu vidonge, unapanga makopo kwenye rafu, daftari linasainiwa, umemaliza. Msimamizi simlaumu sana, kazi zimemzidi.

Najua nitajibiwa kwamba vituo vya mafunzo havitoshi. Sawa, havitoshi. Lakini mwanafunzi mmoja kuigiza mgonjwa na mwenzake kuwa mfamasia kunahitaji kituo gani? Pampu tupu za mazoezi ni gharama gani kwa chuo kinachonunua mashine za maabara?

Wahadhiri mliomo humu, naomba jibu la moja kwa moja: ni nini kinachozuia mtihani wa vitendo wa kaunta, wa kuongea na kukokotoa dozi, kuanza mwaka wa kwanza, na asiyeufaulu asivuke kwenda wa pili?