Tupeane uzoefu: njia za baiskeli za mlimani, kutoka Karura hadi nyanda za juu za Kilimanjaro

Mwanzisha mada, Nairobi

Ndugu waendeshaji, salaam. Wageni wa mchezo huu huniuliza mara kwa mara waanzie wapi kuendesha baiskeli ya mlimani, nami husikia wakijibiwa kwa kilomita peke yake, ilhali kilomita 10 za vumbi katika bonde la Hell's Gate na kilomita 10 za udongo mwekundu wa Usambara hazifanani hata kidogo. Ninaomba kila atakayechangia aeleze yale ambayo ramani haiyasemi: udongo ukoje na hugeukaje baada ya mvua, mteremko mkali uko sehemu gani, na aliyeishiwa nguvu anaweza kutokea wapi.

Nitaanza na Msitu wa Karura, kwa kuwa ndiko ninakowafundisha wengine. Ni msitu wa hekta zipatazo 1,000 ndani ya jiji, na tunao hadi leo kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walisimama kidete miaka ya 1990 ardhi yake ilipokuwa ikinyakuliwa. Baiskeli hukodishwa getini na njia panda zina namba, kwa hiyo anayeanza hana hofu ya kupotea. Miteremko ya kuelekea mtoni ni mifupi, lakini inatosha kumfunza mtu jambo ninaloliona kuwa la kwanza kuliko yote, yaani kupunguza mwendo kabla ya kufika kwenye kona na si akiwa ameshaingia. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, ila ikibanwa ghafla huku mwili umeegemea mbele, gurudumu la nyuma huinuka. Nawaelekeza wanafunzi wainuke kwenye kiti, waweke pedeli sambamba na ardhi, wasogeze kiuno nyuma, kisha wabane breki zote mbili kidogo kidogo. Mvua ikinyesha, mizizi iliyovuka njia huteleza vibaya. Ivukwe baiskeli ikiwa imenyooka, bila kubana breki juu yake.

Mchangiaji wa Naivasha

Asante kwa mada. Hell's Gate ni hifadhi ndogo yenye kilomita za mraba 68 hivi, iliyoanzishwa mwaka 1984, na ni miongoni mwa hifadhi chache za Kenya ambamo mtu anaruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia, swala na twiga. Ukiingia kwa lango la Elsa unapita chini ya mnara wa mwamba uitwao Fischer's Tower, kisha unafuata bonde pana lenye magenge pande zote mbili hadi kwenye korongo la Ol Njorowa. Njia hiyo inamfaa hata mtu aliyepanda baiskeli kwa mara ya kwanza tangu utotoni, mradi ajue kwamba wakati wa kwenda ardhi inashuka polepole bila yeye kuhisi, na wakati wa kurudi, jua likiwa kali na maji yamepungua chupani, anaidai miguu yake mwinuko ule ule.

Wenye uzoefu zaidi hupenda mzunguko unaopanda kuelekea upande wa Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa jotoardhi. Huko vumbi la volkano ni laini na zito, na tairi iliyojazwa upepo hadi mwisho huzama badala ya kushika. Ni vizuri kupunguza upepo kiasi. Nyati wapo pia, hivyo wakionekana karibu na njia inafaa kusimama mbali na kusubiri waondoke. Kuhusu korongo lenyewe, msilishuke ikiwa mawingu yametanda upande wowote wa vilima, hata kama mlipo ni pakavu. Mwezi Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliwasomba watu mle na kuwaua.

Mchangiaji wa Thika

Mimi ni mtu mwenye uoni hafifu, na ninaandika kwa sababu mada kama hizi hutusahau. Huendesha nikiwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya watu wawili, na ndugu yangu akiwa mbele. Karura inatufaa kwenye njia pana. Vijia vyembamba vyenye kona za ghafla havitufai, kwa kuwa baiskeli hiyo ni ndefu na haigeuki upesi. Yaliyotusaidia ni maneno machache tuliyokubaliana mapema: "gia" anapobadilisha, ili nipunguze nguvu kwenye pedeli na cheni isikatike, "tuta" ili niinuke kwenye kiti, "acha" ili tuache kukanyaga pamoja. Anayeongoza hana budi kusema kabla, kwani akisema wakati uleule mwili wangu tayari umepigwa na tuta. Breki nazo zinabeba uzito wa watu wawili, kwa hiyo pedi zake huisha haraka na tunazikagua kila tunapotoka.

Mchangiaji wa Lushoto

Kaka wa Nairobi ametaja udongo wetu, naomba niueleze. Lushoto iko kwenye milima ya Usambara, Tanzania, katika mwinuko wa mita 1,400 hivi, na vijia vinavyoelekea Magamba, Irente na hata Mtae ni njia za watu kabla ya kuwa njia za baiskeli: ndiko wanafunzi wanakopita kwenda shule na akina mama wanakopita na mizigo ya mboga kwenda sokoni. Wakati wa kiangazi udongo mwekundu ni mgumu na unashika tairi vizuri, nami humpeleka hata anayeanza kutoka mjini hadi Irente, akapumzike huku akitazama uwanda wa Mazinde chini kabisa. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, udongo huohuo hunata, hujaa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linagoma kuzunguka, na mtu hubaki anakokota baiskeli iliyoongezeka uzito. Mvua kubwa ikinyesha usiku, mimi siendi vijiani asubuhi yake. Zaidi ya utelezi, matairi huchimba mfereji, maji ya mvua ifuatayo hupita humo, na mkulima ndiye anayepoteza shamba lake la bondeni.

Jambo la pili ni heshima. Ukimkuta mzee kwenye kijia, shuka, sogeza baiskeli upande wa bonde, msalimie "shikamoo" na umpishe. Mwenye mzigo kichwani hana namna ya kukuruka. Nimeona vijana wa kutoka mjini wakiteremka kwa kasi huku wakipiga kelele ili wapishwe, na ninasikitika kila mara, kwa sababu wanakijiji wakichoka na sisi njia hizo zitafungwa, na watakuwa na haki ya kuzifunga.

Mchangiaji wa Tanga

Dada, nina swali. Mteremko wa lami kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo unafaa kwa mwenye baiskeli ya kawaida yenye breki za kubana rimu, yaani duara la nje la gurudumu?

Mchangiaji wa Lushoto

Ndugu yangu, unafaa kwa masharti. Ni kilomita 30 na ushei za kona mfululizo, pamoja na mabasi na malori. Ukiburuza breki kuanzia juu hadi chini, rimu hupata moto na tyubu inaweza kupasuka. Achia, bana kwa nguvu kabla ya kona, achia tena, na usimame Soni hadi rimu zipoe. Mpanda baiskeli ambaye hajawahi kushuka mlima mrefu namshauri apande gari hadi Mombo na kuendesha tambarare.

Mchangiaji wa Moshi

Huku Kilimanjaro baiskeli hupitia njia ya Kilema, ile ambayo magari ya hifadhi huitumia kupanda hadi kambi ya Horombo. Mtu haendi kiholela. Anahitaji kibali cha hifadhi na mwongozaji. Ukitoka msituni unaingia kwenye nyanda za juu za majani na vichaka vifupi, upepo uko wazi, mimea mikubwa iitwayo lobelia inaanza kuonekana, na ukungu unaweza kufunika njia mchana kweupe. Mawe yaliyolegea ni mengi, lakini kinachowashinda watu ni hewa. Horombo iko mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na nimewaona vijana wenye mapafu ya mbio wakisimama kila baada ya hatua chache. Tumia gia nyepesi kuliko unayoona inatosha, endesha kwa mwendo unaoweza kuzungumza, na lala njiani ili mwili uzoee. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaanza, usiendelee kupanda. Hali ikizidi, shuka.

Wengi hujiandaa kwa kupanda na kusahau baridi ya kushuka. Ukiwa umelowa jasho, ukashuka kwa kasi kwenye upepo ule, vidole hufa ganzi na huwezi kuhisi breki. Beba glavu nzito na koti la kuzuia upepo, uvivae kabla ya kuanza kushuka. Nawasihi pia tusitoke nje ya njia kukwepa mawe, kwani mimea ya ukanda ule hukua taratibu sana na alama ya tairi hubaki kwa muda mrefu.

Mchangiaji wa Rubavu

Upande wetu wa Rwanda kuna njia ya Congo Nile, kilomita 227 kandokando ya Ziwa Kivu, kuanzia hapa Rubavu kupitia Karongi hadi Rusizi. Kilele cha kutisha hakuna, lakini tambarare nayo ni adimu: unashuka hadi karibu na ziwa, unapanda tena kati ya migomba na mibuni, na hivyo hivyo hadi jioni. Sehemu nyingine sasa zina lami. Mwenye nguvu kidogo achague kipande kimoja tu, aanze mapema kabla ya joto, na apange kulala kwenye mji wenye barabara kuu, maana kutoka hapo atapata basi la kumrudisha yeye na baiskeli yake. Kabla ya kulipa nauli, mwulize kondakta baiskeli itawekwa wapi, na uondoe pedeli mwenyewe ili zisitoboe mizigo ya wenzako.