Naomba ushauri: fizi zimepanda na shingo za meno zimebaki wazi

Binti wa Meru:

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mimi ni mama wa miaka 36, nimezaliwa na kukulia upande wa mashariki wa Mlima Meru, na kama wengi tuliokulia kule, meno yangu yana rangi ya kahawia tangu yalipoota, kwa sababu ya floridi iliyozidi katika maji tuliyokunywa utotoni. Naanza na hilo kwa kuwa naamini ndiko tatizo langu la leo lilikoanzia.

Tangu nikiwa darasa la sita nimekuwa nikiyasugua meno haya kwa nguvu nikitafuta weupe. Nilianza na mkaa uliosagwa, nikajaribu majivu na chumvi, na nilipoanza kupata fedha zangu mwenyewe nikawa nanunua mswaki mgumu kuliko yote iliyokuwepo dukani. Mswaki mpya haumalizi mwezi kabla nyuzi zake hazijalala huku na huku kama majani yaliyokanyagwa na ng'ombe. Weupe haukuja. Kilichokuja, tangu miaka mitatu iliyopita, ni kwamba chonge zangu mbili za juu zimeonekana kurefuka, hasa ya kushoto. Nikipitisha ukucha kutoka kwenye ncha ya jino kwenda juu, nafika mahali ambapo jino linaacha kuwa gumu na laini kama kigae, naingia kwenye mfereji mdogo wa rangi ya njano, kisha ndipo naikuta fizi. Maji ya baridi yakigusa hapo, au embe bichi, natiwa ganzi mpaka machozi yananitoka.

Mbele fizi hazitoi damu, ila magego ya chini hutoa damu kidogo ninapopiga mswaki. Naomba kujua kama fizi zilizopanda huweza kurudi, ni dawa gani inafaa, na kama niache kabisa dawa ya meno yenye floridi, maana nimeikwepa kwa miaka kumi nikiamini ndiyo iliyoniharibia. Kwa daktari wa meno sijawahi kwenda. Tulikua tukijua kwamba huko huendwa kung'olewa tu, na kwa kusema kweli naona aibu kufungua kinywa changu mbele ya mgeni.

Mzee wa Pangani:

Pole sana, binti yangu. Mimi nina miaka 67 na nimebakiwa na meno machache, kwa hiyo pokea maneno haya kama ya mtu aliyechelewa. Nilivuta sigara miaka 30 na zaidi, na katika muda wote huo fizi zangu hazikutoa damu hata siku moja, nami nikajisifu kwamba nina kinywa chenye afya. Siku gego la kwanza lilipotoka lenyewe nikiwa natafuna muhogo wa kuchoma, ndipo nilipoambiwa kwamba tumbaku huibana mishipa midogo ya damu katika fizi, ikaificha ile dalili ambayo ingenishtua mapema, huku mfupa unaoshika meno ukiliwa polepole. Usidharau damu ya magego yako, na usifikiri kwamba mahali pasipotoa damu ni pazima.

Kwa ganzi, sisi huku hutumia mafuta ya karafuu. Chovya pamba, uibane hapo penye maumivu.

Tabibu wa Kinywa:

Shikamoo mzee wangu, na pole dada yetu wa Meru kwa maumivu na kwa aibu uliyoibeba muda mrefu usiostahili. Mimi nahudumu kliniki ya kinywa na meno, na wagonjwa wenye meno ya kahawia waliosugua mpaka fizi zikapanda nimewaona wengi, kwa hiyo utakapofungua kinywa chako hakuna atakayeshangaa.

Swali la kwanza nalijibu moja kwa moja kwa sababu mtandaoni kuna watu wengi wanaouza matumaini: fizi ikishapanda na kuuacha mzizi wazi, hairudi yenyewe, wala hakuna mafuta, majani, vitamini au dawa ya kusukutua inayoiotesha upya. Kinachowezekana ni kuizuia isiendelee, na hilo limewatosha wagonjwa wengi kuishi na meno yao bila shida. Pale inapohitajika, kuna upasuaji mdogo wa kuufunika mzizi.

Kwa maelezo yako naona mambo mawili tofauti katika kinywa kimoja, na ni muhimu usiyachanganye. Kwenye chonge, jino ni safi, fizi haitoi damu, na kuna mfereji uliochimbika shingoni. Hiyo ni alama ya kusugua kwa nguvu. Chonge husimama kwenye kona ya taya, zimetokeza mbele kuliko jirani zake, na mfupa na fizi zinazozifunika kwa nje mara nyingi ni vyembamba, kwa hiyo ndizo zinazopokea mswaki wa kwanza na mkali zaidi. Kule nyuma, damu inaashiria utando wa vijidudu uliokaa kwenye mstari wa fizi, na pengine umeshaganda kuwa ugaga, ambao mswaki wowote, hata uwe mgumu namna gani, hauwezi kuung'oa. Kwa maneno mengine, unasugua kupita kiasi pasipo na uchafu, na palipo na uchafu hufiki. Nimeliona hili mara nyingi kwa watu wenye bidii ya kweli ya usafi.

Sasa kuhusu floridi. Rangi ya kahawia iliingia wakati meno yalipokuwa yakijengwa ndani ya taya, yaani katika miaka minane hivi ya mwanzo wa maisha. Iko ndani ya enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, na ndiyo maana mkaa na majivu havikuifikia bali vililikwangua jino lenyewe. Mtu mzima hawezi tena kupata rangi hiyo kwa kupiga mswaki. Kinyume chake, shingo ya jino iliyo wazi haina enameli ya kuilinda na huoza upesi kuliko sehemu nyingine, kwa hiyo wewe unaihitaji dawa yenye floridi kuliko jirani yako mwenye fizi nzima. Chagua yenye kipimo cha kati ya 1000 na 1500 ppm, ambacho huandikwa kwenye boksi, na ukipata ile ya meno yenye ganzi iliyo na potasiamu nitreti ndani yake, itumie kila siku bila kuruka kwa muda wa wiki nne kabla hujasema haifai. Usiku, baada ya kupiga mswaki, paka kidogo kwa kidole kwenye shingo ya jino, uteme bila kusukutua maji mengi.

Mswaki uwe laini, wenye kichwa kidogo. Ushike kwa ncha za vidole kama unavyoshika kalamu, usiukumbatie kwa ngumi, maana ngumi ndiyo inayoleta nguvu. Ulaze nyuzi zake kwa mshazari wa digrii 45 pale jino linapokutana na fizi, utikise papo hapo kwa miendo mifupi sana, kisha ufagie kuelekea ncha ya jino: meno ya juu unafagia kushuka, ya chini unafagia kupanda. Acha kabisa ule msumeno wa kwenda na kurudi. Anza na upande wa ndani wa magego ya chini, mahali ambapo watu wengi hufika wakiwa wamechoka, na chonge ziwe za mwisho. Dakika mbili, mara mbili kwa siku, zinatosha. Ukishakula embe bichi, ukwaju au ndimu, sukutua maji na usubiri nusu saa kabla ya kupiga mswaki, kwa sababu asidi huulainisha uso wa jino kwa muda. Kati ya meno pitisha uzi wa meno, au kibrashi chembamba kama nafasi inaruhusu.

Mzee wangu, kuhusu karafuu naomba nikusahihishe kwa heshima. Mafuta yake hupunguza maumivu kweli, lakini yakikaa kwenye fizi huichoma, na hapo penye fizi nyembamba tutaongeza jeraha. Maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi hayana madhara na hutuliza fizi iliyovimba, ila nayo hayaondoi ugaga.

Dada, nenda ukapimwe. Daktari au tabibu atatumia kifaa chembamba chenye alama za milimita, akikizungusha kwa upole kati ya fizi na jino. Kina cha milimita 1 hadi 3 ni cha kawaida, na 4 kwenda juu, hasa pakitoa damu, ni dalili kwamba ugonjwa umeanza kushuka kuelekea kwenye mfupa. Kama una kisukari au kuna kisukari katika ukoo wenu, mweleze, kwa sababu kisukari kisichodhibitiwa huuchochea sana ugonjwa wa fizi.

Baba Pacha:

Samahani kuingilia uzi wa dada. Mimi nilisafishwa meno mwaka jana mahali fulani mjini kwetu, na tangu siku hiyo meno ya mbele ya chini yana mianya na yanacheza kidogo. Ndiyo maana nawaambia watu kusafisha meno kunayalegeza. Tabibu, unasemaje?

Tabibu wa Kinywa:

Ndugu yangu, malalamiko hayo nayasikia kila wiki na siyapuuzi, kwa kuwa unachokiona ni kweli. Ugaga uliokaa miaka mingi huyaunganisha meno kama saruji iliyomwagwa kati ya matofali, na fizi iliyovimba huujaza mwanya. Ugaga ukiondolewa na uvimbe ukishuka, ndipo mfupa uliokwisha kupotea unapojidhihirisha. Kosa la aliyekusafisha, kama lipo, ni kutokukueleza hayo kabla hajaanza. Rudi upimwe upya, kwa sababu meno yanayocheza yanahitaji kufuatiliwa kila baada ya miezi michache. Ukiyaacha kwa hofu, ugaga utarudi na mfupa utaendelea kupungua.

Mwalimu Moshi:

Nimesoma hadi hapa nikaona niandike, maana mimi nimefanyiwa huo upasuaji wa kufunika mzizi katika hospitali moja ya kufundishia madaktari. Fizi ya jino langu la mbele la chini ilikuwa imeshuka karibu milimita 4, na kijinyama kinachounganisha mdomo na fizi kilikuwa kinaivuta kila nilipozungumza, na kazi yangu ni kuzungumza.

Walinitia sindano ya ganzi, wakachukua kipande kidogo cha nyama kutoka kwenye kaakaa, wakakishona juu ya mzizi chini ya fizi. Nakiri kwamba kwenye jino sikusikia maumivu makubwa; kilichonitesa ni kaakaa, ambalo kwa siku tano lilikuwa kama limeungua kwa chai. Nilikula uji uliopoa na viazi vya kuponda, sikupiga mswaki mahali pale kwa wiki mbili, nikawa nasukutua dawa ya klorheksidini kama nilivyoelekezwa (huacha madoa ikitumika muda mrefu, kwa hiyo msiizoee). Mzizi haukufunikwa wote. Daktari alikuwa ameniambia mapema kwamba unaweza kufunikwa wote pale tu mfupa wa kati ya meno ukiwa bado mzima, na wangu ulikuwa umepungua kidogo. Hata hivyo sasa ni mwaka wa pili na fizi haijashuka tena.

Dada, jambo moja ambalo daktari wangu alilisisitiza ni kwamba hawezi kumshona mtu ambaye bado anasugua. Alinipa miezi mitatu ya kubadilisha mkono wangu kwanza.

Binti wa Meru:

Nimerudi kutoa mrejesho, na nawashukuru wote, kuanzia mzee wangu wa Pangani. Niliwasoma usiku kucha, na wiki iliyofuata nikaenda.

Niliyemkuta ni mama wa makamo. Kabla hajanigusa alinipa kioo nishike, kisha akaniuliza naandika kwa mkono gani. Nikamjibu wa kulia. Akasema, basi chonge ya kushoto ndiyo mbaya zaidi, na alikuwa bado hajaniangalia. Alinieleza kwamba mtu anayetumia mkono wa kulia mara nyingi huuanza upande wa kushoto akiwa na nguvu zake zote. Alipopima, fizi ya kushoto imepanda milimita 3 na ya kulia 2, na mifereji ya shingoni haijafikia kiini cha jino. Magego ya chini yana ugaga upande wa ulimi, na mahali pawili kipimo kilizama milimita 4. Sukari yangu ni ya kawaida. Alinikwangua ugaga, akapaka dawa ya floridi kwenye shingo za chonge, akapiga picha ya kila upande ili tulinganishe baada ya miezi mitatu. Upasuaji amesema hauhitajiki kwa sasa, na mifereji ataiziba kwa dawa ya rangi ya jino endapo ganzi haitapungua.

Leo ni wiki ya tatu. Maji ya mtungi nayanywa bila kukunja uso, ingawa embe bichi bado sijathubutu. Mswaki laini ulinifanya siku za kwanza nijione sijasafisha kitu, na mara mbili nimejikuta nimeukamata kwa ngumi bila kujua.

Tabibu, nina ombi la mwisho. Binti yangu ana miaka mitatu na tunatumia maji ya kisima. Nimekuwa nikiyachemsha nikiamini floridi inatoka.

Tabibu wa Kinywa:

Hongera sana, dada. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi floridi. Maji yakipungua kwa mvuke, floridi inabaki na kukolea. Peleka maji ya kisima hicho yakapimwe, na kama yamezidi miligramu 1.5 kwa lita, tafuta chujio la mkaa wa mifupa, ambalo utaalamu wake upo hapo hapo kwenu Ngurdoto, au mkingie mtoto maji ya mvua kwa kunywa na kupikia. Magadi kwenye maharage yake uyaache, maana nayo yana floridi nyingi. Apige mswaki kwa dawa kiasi cha punje ya njegere, nawe umsimamie ateme. Hakikisha mswaki wake ni laini, na umshikishe kama kalamu tangu sasa.