Mada: Buti zinavuja, na wakala kanikata pauni 45

Baba Neema (North Yorkshire), Jumanne usiku

Wanajamvi, nawasalimu. Msimu huu nafanya kazi kwenye shamba moja kubwa la uwindaji, tunafukuza ndege aina ya fezanti watoke vichakani waruke kuelekea kwa wenye bunduki. Msimu wenyewe unafungwa 1 Februari, kwa hiyo wiki za baridi kali ndizo hizi. Tunapenya miiba na majani yaliyoloa hadi kiunoni, halafu tunasimamishwa pembeni mwa msitu dakika 20 au zaidi, kisha tunaanza tena.

Wakala alinipa gambuti za mpira mtupu, namba 9. Mimi navaa 10. Jumamosi, buti ya kushoto ikapasuka kwenye kifundo. Jioni navua soksi, vidole viwili vyeupe pe, navigusa kama si vyangu. Leo hati ya mshahara imekuja na makato ya viatu, pauni 45. Nimepiga simu ofisini kwao mara 3. Wa kwanza kasema niandike barua pepe, wa pili kasema nilisaini, wa tatu kanikatia simu.

Nisaidieni: (1) nivae buti gani Jumamosi? (2) Pauni 45 nairudishaje? (3) Nikiidai, wataniacha kwenye orodha ya kazi?

Mwana Mtaa (Reading)

Ndugu, kwanza SGC, cheti cha bunduki, unayo? Leseni ya bunduki huku si mchezo, polisi wanakuja hadi nyumbani kuona kabati la kufungia. Pili, status yako ipoje? Kama una CoS (hati ya udhamini wa mwajiri kwa viza ya kazi), kazi ya pembeni ina masharti yake na saa zake. Kama ni viza ya mwanafunzi, angalia wasije wakakulipa mkononi kama mtu aliyejiajiri, maana mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri hata siku moja. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilihangaishwa miezi minne kwa jambo kama hilo, na share code yangu, ile namba ya kuthibitisha haki ya kufanya kazi, ilikuwa safi kabisa.

Baba Neema

Sishiki bunduki, nashika fimbo na bendera. ILR, kibali cha kuishi bila kikomo, ninayo. Naulizia miguu.

Mama Zawadi (Aberdeen)

Pole sana Baba Neema. Nimesimama kwenye sakafu ya barafu kiwandani, kazi ya samaki, miaka 6, na nakuambia kilichokuumiza zaidi ni ile namba 9 kuliko hilo tundu. Vidole vikibanwa damu haipiti, hata uvae soksi tatu. Tena hizo soksi tatu ndizo zinazobana. Chukua 11, soksi moja nene ya sufu, uweze kuchezesha vidole vyote ndani. Pamba usivae, ikilowa jasho haikauki. Weka na soli ya ndani ya felti, kwa sababu ukisimama, baridi inapanda kutoka ardhini. Kila jioni itoe, ikauke peke yake. Na dukani nenda alasiri, mguu ukishatanuka kwa kutembea.

Hivyo vidole usiviweke kwenye radieta wala maji ya moto. Vimekufa ganzi, utaungua bila kujua. Vikiota malengelenge au hisia isiporudi, piga 111, simu ya ushauri wa afya, leo hii, usingoje Jumamosi.

Kwetu Tanga (Hull)

Buti za neoprini, ule mpira laini unaotunza joto, hakuna mjadala. Muck Boot, au Le Chameau yenye neoprini ndani. Mimi navua samaki mtoni Januari na zangu za milimita 5, sijawahi kusikia baridi.

Mzee Kilua (Sheffield)

Naomba tusimpotoshe mwenzetu. Kuvua ni kukaa. Huyu anapanda vilima! Nilifanya kazi hiyo misimu 4. Neoprini inawafaa wenye bunduki, kwa sababu wao wanasimama kwenye vigingi vyao, yaani mahali walipopangiwa. Mfukuzaji akizivaa anatoka jasho mpaka soksi inaloa, na akisimama tu, jasho lile ndilo linalogeuka barafu. Atafute buti ndefu za ngozi zenye utando wa ndani usiopitisha maji kama Gore-Tex, soli yenye meno makubwa yaliyoachana ili tope lidondoke. Ngozi aipake nta mara kwa mara. Ngozi ikishakunywa maji, hata kama ndani hayajafika, mguu unapoa na mvuke wa jasho hauna pa kutokea.

Na suruali ya mvua ishuke NJE ya buti. Nimeona vijana wanaichomeka ndani, maji yote ya mapajani yanashuka kama kwenye mfereji, halafu lawama kwa buti. Kukausha ni kwa magazeti, uyabadilishe yakiloa. Mbali na moto, ngozi isije ikapasuka.

Kwetu Tanga

Shikamoo Mzee. Lakini ngozi iliyoloa Jumamosi, Jumatatu akiitwa kazini itakuwa bado mbichi. Mpira unaufuta tu. Tena ngozi mpya, siku nzima, bila kuizoesha mguu? Atarudi na malengelenge matupu.

Mzee Kilua

Marahaba. Hapo pa kuzoesha umesema kweli, nilipitiwa. Basi Jumamosi hii avae gambuti nyepesi kama Dunlop Purofort, namba 11, na ile felti ya Mama Zawadi. Za ngozi azivae nyumbani kwanza wiki mbili.

Mwana Mtaa

Hiyo pauni 45 rahisi tu. Jaza P87, fomu ya kodi ya gharama za kazi, HMRC (watu wa kodi) wanairudisha.

Dada Wakili (Leeds)

Hapana, hawairudishi. P87 inakupa nafuu ya kodi tu. Anayelipa 20% atapata pauni 9, na hasara inayobaki ni yake. Anayedaiwa hapa ni mwajiri. Kanuni za PPE (vifaa vya kinga kazini) za 1992 zinataja wazi mavazi ya kukinga na hali ya hewa, pale yanapomlinda mtu na hatari ya kiafya kazini. Tangu 6 Aprili 2022 zinawahusu hata wafanyakazi wa mkataba usio wa kudumu. Na sheria ya 1974, kifungu cha 9, inakataza kumtoza mfanyakazi kifaa cha lazima cha kinga. Watabisha kwamba gambuti ni nguo ya kawaida, kwa hiyo andika kwa tarehe: mlisimamishwa muda gani, maji yaliingia wapi, vidole vilikuwaje. Piga picha tundu na vidole. Waombe nakala ya hiyo karatasi uliyosaini. Wakikaa kimya, nenda ACAS, wasuluhishi wa migogoro ya kazi. Una miezi 3 kasoro siku 1 tangu siku ya makato. Usiipoteze hiyo siku.

Mama Zawadi

Tangu juzi nawaza hiyo kazi ya Baba Neema. Kwetu Kyela tuliamia ndege kwenye mpunga tukiwa watoto, juu ya dungu, na manati na debe, pekupeku kwenye umande. Baridi ile ya alfajiri nilidhani ndiyo baridi. Mama alikuwa analeta uji wa moto dunguni. Sikujua kama nitakuja kuikumbuka mpaka kulia.

Mwana Mtaa

Na huko Kyela dada, ukichukua pasipoti ya huku, wewe si raia tena. Wakenya walipata uraia pacha kwa katiba ya 2010. Sisi Watanzania mtu mzima analazimishwa kuchagua mama au baba.

Kwetu Tanga

Mimi sijachukua na sichukui. Miaka 17 napanga foleni ya wageni uwanja wa ndege, na naitaka haki yangu ya kuzikwa nilikozaliwa.

Mzee Kilua

Tuanzishe mada nyingine ya uraia, nami nitachangia. Baba Neema yuko wapi?

Baba Neema, Ijumaa usiku

Nipo. Ganzi imepungua, 111 walinisikiliza vizuri. Nimepata gambuti nyepesi namba 11 na felti, na mke wangu kanipa soksi za sufu. Barua nimeituma Jumatano, na picha. Swali la 3 bado. Ujumbe wa orodha ya Jumamosi huwa unakuja Alhamisi. Haujaja.

Mzee Kilua

Hizo za ngozi umeshanunua? Nta upake kabla hujazivaa mara ya kwanza, hasa kwenye mishono.